Kwa nini tiba ya haiba ya kinarsisi haina mwongozo uliothibitishwa?

Swali: Mimi ni mshauri nasaha niliye mwishoni mwa mafunzo. Nina mteja aliyebainika kuwa na ugonjwa wa haiba ya kinarsisi (kujikweza, kiu ya kusifiwa na kutojali hisia za wengine). Katika vikao vinne vya mwanzo alinisifu hadi nikaona haya. Nilipoahirisha kikao cha tano kwa siku moja, alikuja akiwa amechelewa dakika ishirini, akakitazama cheti changu ukutani na kuniuliza nilisomea wapi. Sasa anasema tiba haimfai. Nimetafuta mwongozo wa tiba uliothibitishwa kwa utafiti, kama ilivyo kwa sonona, nisiupate. Je, upo? Na kama haupo, nifanye nini?

Jibu: Haupo, na kosa si la utafutaji wako. Hakuna tiba ya mazungumzo iliyopitishwa katika majaribio makubwa ya nasibu (wagonjwa hugawanywa kwa bahati kati ya tiba zinazolinganishwa) yaliyoulenga ugonjwa huu peke yake, wala hakuna dawa iliyoidhinishwa kuutibu. Tunachotumia tumekiazima, hasa kutoka katika tiba ya haiba ya mpakani (ugonjwa wa hisia na mahusiano yanayoyumba mno), ambayo imetafitiwa kwa miaka mingi. Jaribio moja la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2014, lenye wagonjwa 323, lilionyesha kuwa tiba ya skima, inayorekebisha mazoea ya fikra na hisia yaliyojengeka utotoni, inasaidia katika magonjwa kadhaa ya haiba; lakini wenye haiba ya kinarsisi walikuwa wachache mno miongoni mwao kiasi kwamba huwezi kusimamisha hoja juu yao.

Uhaba huo una sababu, na sababu yenyewe umekwisha kuiona ofisini kwako. Mtu huyu haji kulalamikia unarsisi. Huja kwa sababu ya sonona, ulevi, ndoa inayovunjika au kazi aliyofukuzwa, na akihisi ameshushwa huondoka. Mtafiti anayewaondoa wenye sonona na ulevi ili abaki na kundi safi huishia bila washiriki. Anayewapokea hashindwi kuwapata, ila mwishoni hajui ni kipi hasa kilichopona. Kisha wengi huacha tiba katikati, na takwimu za waliobaki huwa ni za wale ambao pengine wangestahimili tiba yoyote ile.

Kuna pia utata wa nini hasa kinachopimwa. Mwongozo wa uchunguzi wa Marekani, ulioingiza ugonjwa huu mwaka 1980, una vigezo 9 na hudai angalau 5 vitimie. Kihesabu, hiyo ni michanganyiko 256, na wagonjwa wawili wanaweza kupewa jina moja la ugonjwa huku wakishirikiana kigezo kimoja tu. Vigezo hivyo huegemea majivuno yanayoonekana kwa macho, ilhali wapo wagonjwa wanyamavu, wenye fedheha, wanaojificha na kuumizwa na kila neno, ambao mtaalamu asiye makini huwaandikia sonona na kufunga jalada. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la uainishaji wake lililoanza kutumika mwaka 2022, limeliacha kabisa kundi hili na badala yake hupima ukali wa tatizo la haiba pamoja na tabia zinazojitokeza. Naona ni hatua nzuri kitabibu, ingawa kwa mtafiti anayetaka kulinganisha kazi mpya na za zamani ni usumbufu mtupu.

Kuhusu namna ya kutibu, mabishano makubwa ni ya tangu miaka ya 1970. Heinz Kohut, mchambuzi wa nafsi, alishauri mtaalamu aziache zile sifa za mteja zikue, kwa kuwa humpa mtu wa kumtukuza na kumtegemea aliyemkosa utotoni, na kila mtaalamu anapomkosea kidogo kisha wakalizungumza, nafsi ya mteja huimarika. Otto Kernberg, mchambuzi wa nafsi pia, aliona kuwa sifa hizo zinafunika hasira na husuda, na kwamba zisipofafanuliwa mapema tiba hugeuka maigizo. Mabishano hayo hayajaamuliwa kwa majaribio. Binafsi huanza kwa Kohut na kusogea polepole kuelekea kwa Kernberg, maana tafsiri sahihi iliyotolewa kabla ya uhusiano kukomaa husikika kama kofi.

Kwa hiyo, rudi kwenye siku ile uliyoahirisha. Usijitetee kwa shahada zako, na usimweleze kuwa huo ndio ugonjwa wake unaosema. Mjibu swali la cheti kwa sentensi moja, kisha mwambie: "Nilibadilisha siku bila kukuuliza. Nadhani ulihisi kama huna uzito kwangu." Huenda akakana kwa dharau. Mwache akane, kilichosemwa kimesikika. Baadaye kubalianeni lengo moja analolitaka yeye mwenyewe, kwa mfano kutogombana tena na kila mkuu wake wa kazi, kwa sababu lengo la "kupunguza unarsisi" hakuna anayelitia saini.

Muulize pia waziwazi kuhusu mawazo ya kujiua, hasa baada ya kushindwa au kuaibika, hata kama haonekani kuwa na sonona. Kwa wagonjwa hawa hatari inaweza kupanda ghafla baada ya fedheha moja.

Jambo la mwisho ni wewe. Sifa zake zilikufurahisha na swali la cheti likakuchoma. Ni kawaida, na hapo ndipo mtaalamu hutamani kumrudishia sifa au kumshusha kidogo. Kwa idhini yake, rekodi kikao kijacho umsikilizishe msimamizi wako rekodi yenyewe badala ya muhtasari, kwa kuwa katika muhtasari ile sauti yako iliyobadilika hutaiandika.