Mtoto amechelewa kuongea: akatwe udata, au bibi aache Kidigo?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko Ngamiani, Tanga. Mwanangu wa kiume ana miaka 2 na miezi 4, maneno yake hayafiki 15. Ukimtuma kandambili analeta, akitaka kitu anakionyesha kwa kidole. Majirani wanasema ana udata, nimpeleke kwa mzee mmoja amkate. Wengine wanasema ni kimeo. Mwalimu mmoja wa chekechea ameniambia apulize puto ili ulimi ulainike. Mume wangu anaona chanzo ni mama yake, kwa sababu anamsemesha mtoto Kidigo na sisi tunaongea Kiswahili. Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba, mama. Katika hayo manne hakuna hata moja la kufuata, na la wembe nakusihi usilikaribie.

Wapo kweli watoto ambao utando wa chini ya ulimi ni mfupi, huo ndio udata, na mtoto mchanga wa namna hiyo anaweza kupata shida ya kunyonya. Lakini udata hauchelewishi maneno. Simama mbele ya kioo useme mama, baba, bibi, papa: kazi inafanywa na midomo, ulimi umetulia. Mtoto ambaye shida yake ni udata tu angekuwa na maneno ya aina hiyo tele, pengine aje asumbuliwe na r au l baadaye. Kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, ndiyo kabisa hakihusiki. Kukikata hakuleti neno hata moja, ila kunaweza kuleta damu nyingi, maambukizi, hata pepopunda.

Mwalimu wa puto ana nia njema, ila ubongo hauendeshi kupuliza na kuongea kwa njia moja. Mwaka 2015 mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, yalikagua tafiti za mazoezi ya mdomo yasiyo na maneno kwa watoto wenye shida ya matamshi, na hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba yanasaidia.

La Kidigo ndilo linaloniuma zaidi, maana nyumba nyingi za huku kwetu zinazima Kidigo, Kibondei au Kisambaa kwa hofu hiyohiyo. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto. Hata mwenye tatizo halisi la lugha anaweza kukua na lugha mbili. Tunachofanya ni kuhesabu maneno yake yote pamoja: akimwambia bibi “madzi”, hilo ni neno kamili. Na bibi akilazimishwa Kiswahili asichokizoea, ataongea kidogo, na mtoto atapoteza mazungumzo ya mchana kutwa. Mwombe bibi aendelee, tena aongeze hadithi.

Hata hivyo wasiwasi wako una msingi. Akifika miaka 2 tunategemea mtoto awe na maneno kama 50 na aanze kuunganisha mawili. Kuelewa anavyoelewa na kuonyesha kwa kidole ni dalili nzuri, na wengi wa namna yake huwafikia wenzao. Tatizo ni kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba wako yumo katika hao, kwa hiyo hatukai kusubiri.

Anza na masikio. Kuleta kandambili hakuthibitishi kwamba anasikia vizuri; huenda anafuata macho yako na mkono wako. Mafua ya mara kwa mara yanaweza kuacha majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, usikivu ukapungua bila mtoto kulalamika maumivu. Nenda hospitali ya Bombo, au anzia kituo cha afya kilicho karibu, useme wazi kwamba unataka apimwe usikivu, asiishie kutazamwa masikio kwa tochi tu.

Kazi nyingine ni yako na bibi. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani, Megan Roberts na Ann Kaiser, walichambua tafiti 18 ambamo wazazi wenyewe walifundishwa mbinu za kuwasaidia watoto wao, na watoto hao walipiga hatua katika kuelewa na katika kuongea. Kwa mkoa wenye wataalamu wachache kama wetu, hilo ni jambo kubwa mno.

Chukua wakati unamenya machungwa ya Muheza. Kaa chini, uso wako na wake vilingane. Shika chungwa, usimpe bado, usiseme kitu. Mtazame, uhesabu kimoyomoyo hadi tano au zaidi. Hapo ndipo akina mama wengi hushindwa, ukimya unawatia haraka. Akisema “gwa”, usimsahihishe wala usimwambie “sema chungwa”. Mjibu kama mtu aliyekuambia jambo: “Chungwa! Chungwa tamu.” Asiposema, akanyoosha mkono tu, sema wewe “chungwa”, kisha mpe. Usimnyime chakula mpaka aseme, hiyo itamfanya aone kuongea ni adhabu. Ukimenya: “Namenya. Namenya chungwa. Ganda limetoka.”

Sentensi ziwe fupi lakini zitimie. “Kikombe kimeanguka”, siyo “kombe anguka”, kwa sababu hizo ki- na li- naye anajifunza kwa kuzisikia. Chagua maneno kama kumi ya wiki, na yasiwe majina ya vitu pekee: fungua, lete, tena, bado, imeisha. Kila moja alisikie mara nyingi, kwenye shughuli tofauti. Punguza “hii nini?”, maana swali la mtihani halimpi neno jipya. Dakika 15 hivi, mara mbili kwa siku, zinatosha kuanzia, na simu ya katuni iwe mbali. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2019, linasema umri wake skrini isizidi saa 1 kwa siku.

Andika kila neno jipya kwenye daftari, la Kiswahili na la Kidigo, hata “mee” ya mbuzi, mradi analitumia kwa kitu kilekile. Miezi mitatu ikipita na orodha haijasogea, au akifika miaka 3 bila kuunganisha maneno mawili, omba rufaa ya mtaalamu wa tiba ya usemi na uende na daftari hilo. Akianza kupoteza maneno aliyokuwa nayo, au akiacha kugeuka ukimwita jina, usingoje miezi hiyo, mpeleke wiki hiyohiyo.