Fundi Anajibu: Nimefunga inteki, taa ya injini imewaka

SWALI: Fundi habari za kazi. Gari yangu ni ya petroli, haina tabo, nimeifungia mwenyewe inteki ya hewa baridi, lile bomba la aluminiamu na filta ya koni, mlio umekuwa mtamu balaa. Tatizo siku chache baadaye taa ya injini ikawaka, nikapima na mashine inaniletea namba ya hitilafu P0171, alafu nikisimama kwenye foleni mshale wa resi unacheza, unapanda unashuka, nikiondoka unatulia. Jamaa yangu anasema nifute tu hiyo namba niendelee na maisha. Nifute au nirudishie boksi la zamani la filta?

JIBU: Usifute ndugu yangu, na boksi subiri kwanza. P0171 ni gari inakwambia hewa imezidi mafuta. Petroli inaungua vizuri ikipata kama kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo 1 ya mafuta, na kompyuta ya gari inajua hewa ni kiasi gani kwa kuiuliza ile sensa iliyokaa kwenye bomba baada ya filta. Ndani ya sensa kuna kiwaya kinachopashwa moto na umeme, hewa ikipita inakipoza, na umeme unaohitajika kukirudisha kwenye joto lake ndo unasomwa kama kiasi cha hewa. Sasa hewa yoyote inayopenyea mbele ya hapo, baada ya sensa, haijahesabiwa, kwa hiyo mafuta yake hayajamwagwa. Kompyuta inajitahidi kuongeza mafuta mpaka inafika ukomo wake, ikishindwa ndo inawasha taa.

Mimi kwa maelezo yako namshuku mmoja kabla ya wengine wote, hosi ya briza, ile inayotoka kwenye tapeti kava, mfuniko wa juu wa injini, kuja kwenye bomba la hewa. Bomba la kiwandani lina mdomo wake kabisa wa hiyo hosi, haya ya kununua mara nyingi yanakuja na kidomo chembamba au kinene kuliko hosi yako, watu wanaichomeka hivyohivyo inalegea, au wanaiacha inaning'inia kabisa. Ukiwa umesimama injini inavuta hewa kidogo sana kwa hiyo ile inayopenya kwenye briza ni sehemu kubwa ya hewa yote, ndo maana mshale unacheza, ukishakanyaga mafuta hewa iliyohesabiwa inakuwa nyingi na ile ya wizi haina tena nguvu. Angalia pia vihosi vingine vyote vilivyokuwa vimechomekwa kwenye bomba la zamani, kila kimoja lazima kiwe na pa kwenda.

Mashine yako kama inasoma data injini ikiwa inanguruma, tafuta marekebisho ya mafuta (fuel trim), yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, yale ya papo hapo na ya muda mrefu. Yasome gari ikiwa imesimama, alafu panda mpaka resi 2500 hivi uyasome tena. Yakiwa juu umesimama, yakashuka karibu na sifuri ukipandisha, ni uvujaji, tafuta hosi. Yakibaki juu kote kote, au yakizidi kadiri unavyokanyaga, hapo shida ni sensa yenyewe, ni chafu au bomba halijakubaliana nayo. Hili la pili linaumiza wengi, tuseme bomba la asili pale sensa inapokaa lilikuwa na kipenyo cha milimita 70 kwa ndani, wewe umeweka la 76, unaona ni tofauti ndogo lakini uwazi umeongezeka kwa karibu asilimia 18, hewa ileile inapita taratibu zaidi mbele ya kiwaya, sensa inadhani hewa imepungua. Pima kwa ndani na kalipa, kile kifaa cha kupimia kipenyo, usiamini macho. Na angalia mshale uliochorwa kwenye sensa uelekee injini, nimekuta nyingi zimefungwa kinyume.

Ukifunga upya toa kwanza waya hasi wa betri, paka maji kidogo kwenye mipira ya kuungia iteleze mpaka mwisho, klampu ikae juu ya bomba lenyewe isikae ukingoni, kaza imara ila usikate mpira. Bomba lazima lishikwe na bracketi yake na libaki na nafasi pande zote maana injini inajitikisa ukiondoka, bomba likigusa bodi litajisugua mpaka litoboke. Injini ikishapata moto na kupoa mara kadhaa rudia kukaza klampu zote, mpira ukipashwa unalegea, hiyo hatua watu wanairuka kila siku.

SWALI: Shikamoo fundi, mimi filta yangu ni ile nyekundu ya kitambaa. Niioshe kila baada ya muda gani, na kwa nini naambiwa oili yake inaua sensa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Muda unategemea vumbi unalopita, kwa hiyo ifungue uiangalie, mikunjo ikianza kujaa mpaka huoni nyavu yake ndo wakati. Pulizia dawa yake ya kusafishia, iache dakika kama 10, isikaukie hapo, alafu suuza na maji ya nguvu ndogo kutoka ndani kwenda nje, uchafu utoke njia uliyoingilia. Kisha iache ikauke yenyewe kivulini, hata kama ni mpaka kesho, usipulize na kompresa wala usiweke kwenye moto, kitambaa kinachanika na matundu yake hutayaona, ila vumbi litayaona na litakula silinda zako.

Oili ndo pa kutulia. Mstari mmoja mwembamba juu ya kila mkunjo, subiri kama dakika 20 isambae, palipobaki peupe ongeza kidogo, basi. Ukiiloweka, oili inavutwa na hewa inaenda kuganda kwenye kiwaya cha sensa na sensa inaanza kudanganya. Ikishatokea, zima gari, itoe, tumia dawa ya kupuliza iliyoandikwa ni ya sensa ya hewa tu, usiguse kiwaya na kidole wala pamba, ikauke kabisa ndo urudishe. Dawa ya breki au ya kabureta usiilete karibu kabisa. Kama hiyo kazi unaiona ndefu nunua filta kavu, haitaki oili, mimi kwa mtu anayepita vumbi kila siku hiyo ndo nampa.

SWALI: Hivi inaongeza nguvu kweli?

JIBU: Kidogo, kwenye injini isiyo na tabo usitegemee zaidi ya farasi wachache, na tena kama hewa ni baridi kweli. Hewa ya nyuzi 55 ina oksijeni pungufu kwa kama asilimia 9 kuliko ya nyuzi 25, sasa ukiacha filta uchi ndani ya boneti pembeni ya rejeta, bila kizuizi cha joto, unainywesha injini hewa moto wakati boksi ulilolitoa pengine lilikuwa linavuta hewa ya mbele kabisa. Soma joto la hewa inayoingia kwenye mashine ukiwa unatembea, lizidi la nje kwa nyuzi chache tu. Likizidi sana, kizuizi chako hakifanyi kazi.

SWALI: Filta yangu imekaa chini nyuma ya bampa. Mvua ni hatari?

JIBU: Mvua ya kawaida hapana, dimbwi ndiyo. Filta ikizama injini inavuta maji, na maji hayashindiliki kama hewa, pistoni ikipanda inakwama na konrodi, vile vyuma vinavyoishikilia, zinapinda. Maji yakifika usawa wa filta geuza. Na ikikuzimikia majini usipige stata hata mara moja, vuta gari, toa plagi zote, zungusha injini kwa mkono na spana mpaka maji yatoke kwenye matundu ya plagi, umwage na kuangalia oili, ndo fundi aamue kama itawashwa.