Mfanyakazi Mwenye Ulemavu: Anzeni na Njia, Kisha Vifaa

Kampuni nyingi hapa Mombasa zikishaajiri mtu mwenye ulemavu hukimbilia kuuliza bei ya vifaa. Muulizeni kwanza mwenyewe, faraghani, kabla ya siku yake ya kwanza: ni sehemu gani ya kazi hii itakayokutaabisha, na utafikaje hapa? Ugonjwa wake hauwahusu.

Swali la usafiri ni zito. Anayetoka Likoni kwa kiti cha magurudumu hutegemea feri, na maji yakipwa mteremko wa kupandia huzidi kuwa mkali, tena katikati ya umati wa asubuhi. Akiingia kazini saa tatu badala ya saa mbili, kampuni haipotezi kitu. Muhimu ni mabadiliko hayo yaandikwe kwenye ratiba, la sivyo msimamizi mpya atakuja kumpa barua ya onyo kwa kuchelewa.

Langoni ndipo pesa nyingi hupotea. Kila sentimita 1 ya kupanda hutaka sentimita 12 za urefu wa mteremko, kwa hivyo vidato viwili vya sentimita 15 kila kimoja vinahitaji mita 3.6. Fundi asiyeelezwa atajenga wa mita moja na nusu, kama wa kupandishia mkokoteni, na mtu mzima atakuwa akisukumwa kila asubuhi kama mzigo. Juu, mbele ya mlango, acheni sakafu tambarare ya mita 1.5 kwa 1.5, bila hiyo kiti hurudi nyuma pale anapovuta mlango. Vigae vinavyong'aa msiviweke, maana mvua za Mei huvifanya utelezi mtupu. Saruji iliyopitishwa ufagio ikiwa mbichi hushika magurudumu vizuri, na ni rahisi zaidi.

Mlango wa choo uwe na upana wa sentimita 90 na ufunguke kwa nje, kwa sababu mtu akianguka ndani, mwili wake ndio utakaouzuia mlango unaofunguka kwa ndani. Vyuma vya kushikia vifungwe kwenye ukuta wa mawe. Plaiwudi haihimili uzito wa mtu. Kinachotuuma zaidi ni choo kilichojengwa vizuri kisha kikapigwa kufuli, ndani mmejaa ndoo na mafagio. Asiye na pa kujisaidia hujinyima maji kutwa nzima, na joto la Februari mnalijua.

Kwa asiyeona, NVDA, programu inayosoma kwa sauti maandishi ya skrini, ni ya bure kwenye kompyuta za Windows, na simu nyingi za Android huja na TalkBack, inayofanya kazi hiyo hiyo. Kinachokwamisha ni mazoea ya ofisi: ratiba ya shifti inapigwa picha ubaoni na kurushwa kwenye grupu la WhatsApp. Mwenzenu atasikia kwamba kuna picha, basi. Chapeni maneno yenyewe: "Jumatatu, saa moja asubuhi, mapokezi."

Penye kiziwi, mkutano unaochukua zaidi ya muda wa saa moja unahitaji wakalimani wawili wa Lugha ya Ishara ya Kenya, wapokezane kila dakika 20 hivi, kwani mkalimani aliyechoka huanza kuruka maneno. Mkalimani asikae na dirisha mgongoni, uso wake utaonekana kivuli. Mkizungumza, mtazameni kiziwi mwenyewe. King'ora cha moto kiwe na taa ya kumulika, hadi msalani.

Mwenye ualbino asipangiwe kazi ya juani kati ya saa nne na saa kumi, na losheni ya jua ihesabiwe vifaa vya kazi, sawa na buti.

Kuna na kodi. Aliyesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu anaweza kuomba cheti cha msamaha kutoka KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, na Sh150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi hazitatozwa kodi ya mapato. Usajili peke yake hautoshi: bila cheti hicho, makato yanaendelea. Kikiisha muda, yanarudi. Karani wa mishahara aiweke tarehe hiyo kwenye kalenda na amkumbushe mhusika miezi mitatu kabla, kwa sababu uchunguzi wa hospitali na stakabadhi zake huchukua muda, na ruhusa ya kwenda kuzifuatilia isikatwe kwenye likizo yake.