Jibu: Mombasa hadi London, usilipe hizo tiketi mbili!

Kama bado hujalipa, ACHA! Kama umeshalipa, mpigie wakala sasa hivi.

Umeuliza Mombasa hadi London ni kilomita ngapi na ni masaa mangapi. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 7,200, na hizo tovuti za kupima masafa zitakwambia masaa tisa. Zinagawanya masafa kwa mwendo wa ndege, basi. Hazijui kama unapitia Nairobi, hazijui foleni, hazijui begi lako liko wapi.

Kilichonitoa pangoni ni pale uliposema wakala amekukatia Mombasa–Nairobi kwa shirika moja, Nairobi–London kwa jingine, "masaa mawili katikati yatosha". Wallahi maneno hayo hayo niliuziwa mimi, na jamaa koti lanukia udi, kikokotoo mkononi, aapa kabisa. Yeye kamisheni yake ilishaingia, atajali nini?

Ndege ya Mombasa ikachelewa kuondoka. Angani ni kama saa moja tu, kwa hiyo hakuna cha kufidia. Na kwa tiketi mbili begi kwa kawaida halivushwi: nikalingoja kwenye mkanda, nikatoka nje, nikaburura sanduku hadi upande wa safari za kimataifa, ukaguzi upya. Kufika, kaunta imefungwa. Walifunga saa nzima kabla ya ndege kuruka. Shirika la kwanza: sisi tumekufikisha Nairobi. La pili: hatujui ulitoka wapi. Na wote wana haki, hapo ndipo paliponiuma! Tena kwa kuwa sikupanda ya kwenda, mfumo ukafuta na ya kurudi. Nauli yote ikaenda na maji. Nikakaa juu ya sanduku nikala mabuyu ya shangazi, kisha nikaenda kumbembeleza dada wa kaunta, vidole na ulimi vyekundu kama nimetoka kuchinja. Sijui kwa nini hakunihurumia.

Tiketi MOJA, namba moja ya buking, kutoka uwanja wa Moi, Mombasa, mpaka Heathrow, London. Upitie Nairobi, upitie Addis Ababa, shauri yako. Ndege ya kwanza ikikuchelewesha, ni juu yao kukutafutia nyingine, na begi kwa kawaida hubandikwa lebo ya London papo hapo Mombasa. Ukiona ghali, ahirisha safari.

Na saa za kwenye tiketi ni za kila mji kivyake. London iko nyuma yetu masaa matatu wakati wao wa baridi, mawili wakati wa joto, kwa hiyo usitoe tu saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika ukadhani umefika mapema.

Huyo wakala wako, ofisi iko ghorofani, ina feni inayolia? Kama ndiye, nijuze inboksi.