Kuvalisha Mpini: Niliyojifunza Baada ya Mkono Kufa Ganzi

Tukisema fulani ameshika mpini, huwa tuna maana kwamba mwenzake ameshika makali na ndiye atakayetoka damu. Mimi ni seremala hapa Tanga kwa zaidi ya miaka 20, na nina shamba dogo la michungwa na muhogo upande wa Muheza, kwa hiyo siku zangu karibu zote hupita nikiwa nimeshika mpini wa kitu fulani, na bado aliyeumia ni mimi.

Ilianza na ganzi ya usiku. Nilikuwa nikiamka saa nane au saa tisa, gumba, kidole cha shahada na cha kati vimekufa kabisa, nikikaa kitandani kuukung'uta mkono kama mtu anayekung'uta kandambili yenye mchanga. Mchana ganzi iliondoka, lakini nguvu haikurudi yote, na siku nilipoangusha randa kwenye mguu wa meza ya mteja niliona sina ujanja tena. Mtaalamu wa viungo aliyenipokea hospitalini alinieleza kwamba kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba ambamo hupita kano tisa zinazokunja vidole pamoja na neva moja. Sehemu hiyo ikivimba, neva hukosa nafasi, na vidole inavyovihudumia huanza kufa ganzi. Akanipa kifaa cha kufunga mkono wakati wa kulala, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Fundi, mipini ya vifaa vyako ina unene gani?"

Sikuwa na jibu. Kwa miaka yote hiyo niliamini kwamba mpini unaouma ni mpini mgumu, na kwamba dawa yake ni kuuvalisha kitu laini. Ndivyo wanavyoamini wengi, na ndivyo wauzaji wanavyopenda tuamini, kwa sababu ulaini ni rahisi kuuonyesha dukani: mteja anabonyeza kwa gumba, anatabasamu, analipa. Lakini kiganja hakichoshwi sana na ugumu wa mti. Kinachoshwa na nguvu ya kukamata ambayo kinalazimika kuitoa kutwa nzima. Mpini ukiwa mwembamba mno, vidole hujikunja mpaka ncha zake zikagota kiganjani, na nguvu nyingi inapotea bure. Ukiwa mnene mno, vidole havifungi vizuri. Na ukiwa unateleza, hata kama unene wake ni sawasawa, utaukamata kwa nguvu zaidi ili usikuponyoke. Kwa hiyo kila ninapoona kitu cha kuvalisha mpini, swali langu la kwanza ni kama kitanipunguzia nguvu ya kukamata. Ulaini wake huja baadaye sana.

NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, ilitoa mwaka 2004 mwongozo wa kuchagua vifaa vya mkono visivyotumia umeme, na vipimo vyake ndivyo ninavyovifuata. Kwa kazi za nguvu, mpini uwe na kipenyo cha milimita 32 hadi 51. Kwa kazi za ustadi zisizohitaji nguvu, milimita 6 hadi 13. Kwa kuwa si kila mtu ana chombo cha kupimia kipenyo, mimi hutumia uzi: nauzungusha mara moja kwenye mpini, kisha naunyoosha juu ya rula. Uzi wa sentimita 10 ni sawa na kipenyo cha milimita 32, na wa sentimita 16 ni sawa na milimita 51. Halafu naukamata mpini kama ninavyoukamata kazini na kuangalia gumba; ncha yake ikilalia kidogo kucha ya kidole cha shahada, unene huo unanifaa. Hatua hii ya pili usiiruke, kwa maana viganja havilingani. Jembe ninaloliona mimi jepesi kushika, mke wangu huliona gogo.

Nilipopima vifaa vyangu nilipata aibu. Bisibisi niliyokuwa nikiitumia kila siku kukaza skrubu kubwa za bawaba ilikuwa na mzingo wa sentimita 7 tu. Panga nalo lilikuwa na unene mzuri, ila mbao zake zilikuwa zimesinyaa na ribiti zikachomoza, zikawa zinanibonyeza palepale panapouma. Panga hilo halikuhitaji kuvalishwa chochote. Nilizisawazisha ribiti kwa tupa, nikakwangua vanishi yote, maana vanishi huteleza mkono ukilowa jasho, nikapiga msasa na kupaka mafuta ya kitani tabaka jembamba. (Vitambaa ulivyopakia mafuta hayo vitandaze nje vikauke, ukivikunja na kuvirundika pembeni vinaweza kupata joto vyenyewe mpaka vikawaka moto.) Ninawashauri wote waanze hapo, kwa sababu nusu ya mipini niliyoletewa na majirani wakitaka niivalishe ilikuwa na kasoro ambayo tupa na msasa viliimaliza kwa dakika kumi.

Kwa mipini iliyobaki, jaribio langu la kwanza lilikuwa tepu ya umeme, na silipendekezi kwa yeyote anayeishi kwenye joto letu la pwani. Wiki ya pili gundi ilianza kutoka pembeni, ikashika vumbi la mbao, na kiganja kikawa cheusi kama cha fundi gereji. Jaribio la pili lilikuwa kamba ya katani, na hapo naona nilisukumwa zaidi na mapenzi ya mji wangu kuliko akili. Ilipendeza kuitazama na haikuteleza hata kidogo, lakini nyuzi zake zilinikwaruza hivi kwamba baada ya mistari mitatu ya kupalilia nililivua shati nikalizungushia juu ya katani.

Kinachonifaa mpaka leo ni tyubu kuukuu ya baiskeli, ambayo fundi baiskeli atakupa bure au kwa bei ya maji ya kunywa. Chagua isiyo na viraka vingi. Ikate pande zote mbili za valvu na uioshe kwa sabuni ndani na nje, kwa maana ndani huwa na poda inayofanya mpira uteleze juu ya mti, kisha uichane kwa mkasi kwa kuzunguka, kama unavyomenya chungwa bila kukata ganda, upate utepe mmoja mrefu wenye upana wa sentimita mbili na nusu hivi. Anzia mwisho wa mpini. Mzunguko wa kwanza uibane ncha ya utepe, halafu uendelee kupanda ukiuvuta kwa nguvu, kila mzunguko ukifunika nusu ya ule uliotangulia. Wengi hukosea mwishoni kwa kufunga fundo, na fundo hilo ndilo litakalokutoa lengelenge. Mimi hubakiza mizunguko mitatu, nikalaza juu ya mpini uzi imara uliokunjwa mara mbili, kitanzi chake kikitazama mbele na ncha zake zikibaki nyuma. Nazungusha utepe juu ya uzi huo, nachomeka kitanzini ncha ya utepe niliyokwisha kuichonga nyembamba kama ulimi, kisha navuta zile ncha mbili mpaka ulimi uingie chini ya mizunguko na kujificha humo. Hakuna gundi. Unene wa mpini huongezeka kama milimita 3 hadi 4, na utepe ukichakaa unavuliwa na kuzungushwa mwingine.

Kasoro ya tyubu ni jasho, kwa kuwa mpira haunyonyi unyevu. Kwa anayelima saa nyingi mfululizo, utepe wa kushikia raketi ya tenisi, unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya michezo, hunyonya jasho vizuri zaidi, ila ni mwembamba sana na haubadilishi unene wa mpini. Unafaa kwa mpini ambao tayari una kipimo chake na tatizo lake ni kuteleza tu.

Kuna jambo ambalo sikuliona likisemwa popote nami nililigundua kwa malengelenge. Kwenye shoka na sepetu, mkono mmoja hukaa mahali pamoja na mwingine husafiri juu ya mpini kila pigo. Ukivalisha mpira mahali ambapo mkono unasafiri, unaugeuza mpini kuwa msasa. Valisha sehemu ya mkono unaotulia peke yake, na njia ya mkono unaosafiri uiache mti mtupu uliopakwa mafuta. Jembe nalo lina kisa chake. Mpini wa jembe letu huingizwa kwenye jicho, yaani tundu la jembe, kwa upande mwembamba, jembe likapanda mpaka likakwama kwenye kichwa kinene, na likiisha makali hushuka kwa njia ileile ya kutokea. Mara ya kwanza nilibandika mpira kwa gundi kali ya viatu, nikajisifu, na miezi minne baadaye nilipotaka kubadilisha jembe nikakuta jicho halipiti. Nilitumia saa nzima kukwangua gundi kwenye mpini wa mpera nilioupenda sana.

Kuhusu mifuko ya mpira iliyotengenezwa kiwandani, ile yenye mabonde ya vidole, nilinunua miwili kwa mchuuzi mmoja aliyeniapia kwamba imeundwa kwa kufuata mkono wa binadamu. Iliundwa kwa kufuata mkono wa binadamu mmoja, na huyo si mimi. Vidole vyangu vilikaa juu ya matuta badala ya mabondeni, na kila nilipoteremsha mkono kidogo matuta yalinihama yakakaa pabaya zaidi. Mwongozo ule nilioutaja unataka mpini usio na mabonde ya vidole, nami nimeelewa kwa nini. Ukinunua, nunua ulio sawa pande zote bila matuta, unaoingia kwa kubana. Ukiweza kuuzungusha kwa vidole viwili, usiuweke kwenye nyundo wala shoka, kwa sababu kifaa kinachojizungusha mkononi wakati wa pigo hatari yake ni kubwa kuliko maumivu ya kiganja. Nyundo zangu zote nimeziacha tupu.

Bisibisi ndiyo iliyonipa nafuu kubwa kuliko vyote, kwa kuwa mpini mnene hukaza skrubu ileile kwa kukamata kidogo. Lakini hapa niseme wazi: plaisi au bisibisi iliyovalishwa tyubu haigeuki kuwa kifaa cha fundi umeme. Vifaa vya kugusia umeme hutengenezwa na kupimwa kwa ajili hiyo na huwa na alama ya 1000 V kwenye mpini. Mpira wa baiskeli ni wa starehe ya mkono tu.

Baada ya vifaa vyangu kukaa sawa nilihamia kwa mama, ambaye ana miaka 78 na hutembelea mkongojo wa bati jepesi wenye mpini mwembamba uliopinda. Alikuwa akilalamika kiganja, nasi tukidhani ni uzee. Kwa kuwa uzito wake wote hushuka juu ya mpini ule, tyubu isingetosha. Nilimwendea fundi wa viyoyozi anipe kipande cha sponji nyeusi wanayovalisha mabomba, nikachagua chenye tundu dogo kidogo kuliko mpini ili kibane, nikakiingiza kwa maji ya sabuni na kukiacha kikauke siku nzima. Nilipompelekea alikibonyeza, akanitazama.

"Mwanangu, hii umeitoa jikoni kwa mkeo?"

"Hapana, mama. Hebu tembea nayo kwanza."

Alitembea mpaka kisimani na kurudi, na sponji hakuitaja tena, jambo ambalo kwa mama ni sifa. Hata hivyo niligundua kwamba sponji ilisaidia nusu tu, kwa sababu mkongojo wenyewe ulikuwa mrefu mno. Mpini unatakiwa ufike usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono, mtu akiwa amesimama wima na viatu anavyovaa kila siku, mikono ikining'inia. Hapo kiwiko hukunjika kidogo anapoushika. Wa mama ulifika karibu na kiuno, bega likawa limepanda. Tuliushusha matundu mawili. Kumshawishi aushike upande wa mguu mzima, badala ya upande wa mguu mbovu kama alivyozoea, kulichukua mwezi.

Mkono wangu umepata nafuu, ingawa kifaa cha usiku bado nakivaa msimu wa kulima. Mwenye ganzi inayomwamsha usingizini, au anayeona nyama ya chini ya gumba inapungua, asikae nyumbani akizungusha tyubu. Aende hospitali mapema, kwa maana neva iliyobanwa kwa muda mrefu huenda isirudi kama ilivyokuwa.

Juma lililopita mama aliniita kwa sauti ya kesi. Nilidhani sponji imechanika. Akaugeuza mkongojo juu chini akanionyesha kiatu cha mpira cha mwisho wake: kimelika upande mmoja, kimekuwa kigumu na cha kuteleza kama kigae, na sakafu ya kwake ni saruji iliyosuguliwa. "Huku juu umenipamba," akasema, "huku chini unataka nianguke?" Nilipanda bodaboda nikaenda kununua kingine mchana uleule.