Kwa wewe unayeanza kazi kwenye mitandao ya kimataifa ya afya ya uzazi

Kabla hujaingia kwenye kikao chochote, soma. Anza na Mpango wa Utekelezaji uliopitishwa Cairo mwaka 1994 na serikali 179, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu idadi ya watu na maendeleo. Muhtasari hautoshi, fungua sura ya 7 na ya 8 zenyewe, usome taratibu. Hapo ndipo serikali zilipokubaliana kwamba uzazi si hesabu ya vichwa anayopangiwa mwanamke kutoka juu, bali ni haki ya watu wenyewe kuamua wazae watoto wangapi, lini, na kwa kupishana vipi. Wenzako wengi watautaja mkutano wa Cairo kila siku bila kuufungua mpango wake. Wewe ukiufungua utaiona na mipaka yake. Haki za ngono kwa jina hilo hazimo. Suala la kuruhusu au kukataza utoaji mimba limeachiwa sheria za kila nchi. Lakini aya ya 8.25 hiyohiyo inasema kwamba kwa hali yoyote ile, mwanamke aliyepata madhara baada ya kutoa mimba apate huduma bora. Sentensi hiyo unaweza kuiweka mezani hata kwa ofisa wa nchi yenye sheria kali kabisa.

Ukihamia kwenye mikataba, usiishie kuuliza kama nchi imeridhia. Uliza imeridhia kwa masharti gani. Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, ambayo ni mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu haki za wanawake, katika ibara ya 14, inataja mazingira ambamo mwanamke wa Afrika anaruhusiwa kutoa mimba kwa njia ya kitabibu, yakiwemo ubakaji na hatari kwa afya yake. Kenya na Uganda ziliridhia itifaki hiyo lakini zikaweka pingamizi katika sehemu hiyo. Mgeni asiyejua hilo huandika tamko kali la kudai nchi itekeleze kile ilichokataa kwa maandishi, na wenzake walioko nchini hulazimika kumtetea mbele ya wizara.

Sasa fedha. Mwaka 1984 Marekani ilitangaza kwamba shirika lisilo la kiserikali la nchi nyingine likifanya au kutetea utoaji mimba kama njia ya uzazi wa mpango, halitapata fedha zake za uzazi wa mpango, hata kama kazi hiyo linailipia kwa fedha zilizotoka kwingine. Sera hiyo ikaondolewa mwaka 1993, ikarudishwa 2001, ikaondolewa 2009, ikarudishwa na kupanuliwa hadi fedha za afya kwa ujumla 2017, ikaondolewa 2021, ikarudishwa tena 2025. Ukiajiriwa leo na ukadumu kazini, utaishuhudia ikigeuka zaidi ya mara moja. Inachoumiza si bajeti peke yake. Ndani ya muungano mmoja, shirika lililotia saini kukubali masharti hayo huanza kuogopa kukaa meza moja na lile lililokataa. Barua pepe hupungua, rufaa za wagonjwa husimama, na kliniki mbili zilizokuwa zikisaidiana huwa kama hazijuani. Kwa hiyo yazungumzeni mapema, wakati wa utulivu, na myaandike kwenye hati ya makubaliano: masharti yakirudi, nani atabeba huduma ipi, nani atatunza takwimu, wagonjwa watapelekwa wapi. Muungano usiokuwa na ukurasa huo nauona haujakamilika, hata uwe na nembo nzuri kiasi gani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote katika kufundisha wageni ni wa vipandikizi, vile vijiti vya uzazi wa mpango vinavyowekwa mkononi. Kipandikizi ni njia bora sana: kikishawekwa kinafanya kazi miaka mitatu hadi mitano, na mwanamke hahitaji kukumbuka kitu kila siku. Kwa muda mrefu tatizo lilikuwa bei. Kisha wafadhili kadhaa, zikiwemo serikali na Wakfu wa Bill na Melinda Gates, wakawahakikishia watengenezaji kwamba idadi kubwa ingenunuliwa kwa miaka kadhaa, nao watengenezaji wakakubali kushusha bei. Mwaka 2013 bei ya aina moja, Jadelle, ilishuka kutoka dola 18 hadi dola 8.50 kwa nchi maskini. Hakuna nchi moja wala shirika moja lililoweza kulifanya hilo peke yake. Ukitaka kujua ushirikiano wa kimataifa unafaa kwa kitu gani hasa, ni hiki: kununua kwa pamoja, kubeba hatari kwa pamoja, kumfanya mwenye kiwanda akae mezani.

Lakini fuata kipandikizi hadi mwisho wake. Kinahitaji kutolewa, na kukitoa si kama kukiweka. Inatakiwa dawa ya ganzi, vifaa safi, na mhudumu aliyefundishwa, hasa kikiwa kimezama ndani. Kasi ya kuweka iliwekewa malengo, mafunzo na fedha. Kutoa kulibaki nyuma sehemu nyingi. Mwanamke anarudi kituoni anaambiwa aliyefundishwa hayupo, au bado muda wake, vumilia. Mimi hili naliona kuwa suala la haki kamili, tena zito. Njia ambayo mtu anaweza kuianza lakini hawezi kuiacha anapotaka si hiari tena. Basi kila mradi ukiletwa mbele yako, iwe sindano, kitanzi, chanjo ya HPV ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, au mafunzo ya vijana, uliza nani atabaki na mradi huo wafadhili wakishaondoka, na kama huyo yupo kikaoni. Asipokuwepo, dai aitwe kabla ya kura.

Swali hilo litakusaidia pia Geneva. Katika mapitio ya haki za binadamu ya UPR, kila nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa hukaguliwa na nchi wenzake takriban kila miaka minne na nusu. Shirika moja huruhusiwa ripoti ya maneno 2,815. Mkijiunga mnapata 5,630. Kishawishi ni kwa ofisi kubwa ya kimataifa kuandika yote kisha kuwatumia wenyeji waweke saini. Geuza utaratibu. Wa nchini waandike kwanza, wao ndio wanaojua wodi ipi haina damu na wilaya ipi dawa zimekwisha; ninyi mbaki na ukomo wa maneno, tarehe za mwisho, na kubisha hodi kwenye balozi ili pendekezo lisomwe na nchi rafiki. Kesi ya Alyne da Silva Pimentel dhidi ya Brazili ilifika mbali kwa mgawanyo wa namna hiyo. Mama yake, wanasheria wa Brazili na wale wa kimataifa waliibeba pamoja, na mwaka 2011 Kamati ya CEDAW, ile ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake, ikaiwajibisha serikali kwa kifo chake cha uzazi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa chombo cha mkataba wa kimataifa kufanya hivyo.

Vijana nao. Ukiwaalika, wape ajenda na rasimu wiki kadhaa kabla, wape na kura. Dakika tano za ushuhuda kabla ya chai haziwatoshi.

Na simulizi za waathirika. Kila muungano unazitaka, kwa sababu zinafungua mifuko na milango. Binti aliyekubali kusimulia mbele ya watu kumi hajakubali kuwekwa kwenye bango. Muombe ruhusa upya kwa kila matumizi mapya, kwa lugha anayoielewa, na umpe mtu anayemjua wa kuwasiliana naye. Akisema iondolewe, iondolewe siku hiyohiyo, hata kama mfadhili ameshaipenda.