Mpini hutiwa, raba huvishwa

SWALI: Nina duka la zana mjini Morogoro na ninaandika vibandiko vya bidhaa kwa Kiswahili. Nyundo ina mpini, kipini au kishikio? Tena niseme mpini "umefungwa", "umebandikwa" au "umepachikwa"? Zana nyingi siku hizi zina raba au plastiki juu ya chuma.

JIBU: Nyundo ina mpini, na kadhalika jembe, shoka, sululu na panga. Kwa tupa, patasi na bisibisi ukiandika kipini hujakosea, maana ni kifupi na kinaenea kiganjani. Kisu kina mpini au kipini, upendavyo. (Ila usiandike "vipini" peke yake bila kutaja zana; wapo watakaokuja kutafuta vya puani.) Kishikio ni neno pana mno, liachie milango na mabegi. Ndoo ina utambo. Koleo, hizi ambazo wengi huziita plaizi, zina mikono miwili.

Kwenye vitenzi ndiko kwenye kazi. Kauli ya jumla ni kutia mpini, nayo ina ajabu yake. Jembe la kienyeji lina msuka, ule mkia wa chuma uliochongoka, na huo ndio unaopenya kwenye tundu la mpini. Jembe la tundu ni kinyume: mpini ndio unaoingia kwenye chuma. Hata hivyo kote mkulima husema "jembe limetiwa mpini". Humsikii akisema mpini umetiwa jembe. Zana ndiyo inayohesabiwa, mpini ni wa kuongezewa, kama chai inavyotiwa sukari.

Ukitaka kueleza namna ya kuunga, hapo sasa angalia kipi kinaingia wapi. Msuka umechomekwa kwenye mpini. Mpini wa nyundo umepachikwa kwenye tundu la nyundo, kisha ukakazwa kwa kabari inayoipanua ncha ya mti isichomoke. Panga aghalabu huwa na vibao viwili vilivyobana chuma huku na huku, vikapigiliwa ribiti, yaani pini za chuma zinazopenya vibao na chuma pamoja. Na kwenye kisu au tupa yenye kipini cha mti, ile pete ya chuma inayouzuia mti usipasuke pale chuma kinapoingilia huitwa noleo. Neno hilo linaanza kusahauliwa, nami ningefurahi kuliona kwenye rafu zako.

"Kubandika" ni kugandisha kitu bapa juu ya kingine. Kibandiko chako hubandikwa, mpini hapana. "Kufunga" kuache kwa kamba, skrubu na nati.

Raba na plastiki zina njia mbili. Raba iliyotengenezwa kando, ikasukumwa juu ya chuma, imevishwa. Hata ikipakwa gundi, bado imevishwa, na ikilegea itazunguka mkononi. Bisibisi nyingi za plastiki si hivyo: chuma huwekwa ndani ya kalibu, yaani chombo cha kutolea umbo, plastiki ya moto ikamiminwa kukizunguka, ikapoa na kukikamata. Kitenzi cha wahunzi cha kumimina madini kwenye kalibu ni kusubu, lakini wateja wako wachache watakielewa. Andika "plastiki iliyomiminwa".

Jambo moja si la sarufi, ila linatokana na maneno. "Koleo yenye mikono iliyovishwa plastiki" haina maana ya "mikono inayozuia umeme". Raba ya kawaida imewekwa ili mkono usiteleze. Zana za mafundi umeme huwa na alama ya pembetatu mbili na maandishi 1000 V. Bila alama hiyo, usimwandikie mteja neno umeme hata kidogo.

Kwa hiyo nyundo zako ziandike: "Nyundo yenye mpini wa mti, uliokazwa kwa kabari." Zenye mpini wa chuma: "Nyundo ya chuma, mpini umevishwa raba." Na angalia upatanisho, kwani nimeona madukani "mpini la jembe". Ni mpini wa jembe, mipini ya majembe, kipini cha tupa.